Stori za Mathe Ziko Ndani ya Mada

Kuna sheria mpya kwenye kundi letu la WhatsApp. Imebandikwa juu kabisa kwa herufi kubwa, na nyota pande zote mbili kana kwamba ni mstari wa Biblia ukutani: HAPA NI ROKI TU. Stori za nyumbani, za wazazi, za bili na za mtoto kuharisha zipelekwe kwingine. Ukikaidi unaonywa mara moja. Ukirudia unatolewa.

Naipinga. Ningeipinga mle mle ndani nikanyamaza, lakini nimeulizauliza nikaona ugonjwa huu umeenea. Wasee wa anime wanao. Wasee wa vitabu wanao. Kuna kundi la waendesha baiskeli ambako dada mmoja aliambiwa ajadili magurudumu, si msiba wa shangazi yake. Kila mahali ambapo vijana wa jiji hili wamekutana kwa simu kupiga stori kuhusu kitu wanachokipenda, baada ya muda hutokea mtu mmoja ameshika rungu, na jina la hilo rungu ni "mada".

Kwa asiyejua tunaongea nini, jioni ya kawaida huwa hivi. Saa moja usiku mtu anatuma bango la shoo ya Jumamosi. Watu wanauliza kiingilio. Mwingine anauliza kama bendi ya mwisho ndiyo ile ambayo mara iliyopita spika zilikohoa mwanzo hadi mwisho. Mpiga dramu wa Rongai anasema yeye hatafika, mathe wake amesafiri Machakos kwa mazishi na amemwachia kuku mia mbili. Hapo mazungumzo yanapinda. Kuku wanakula nini? Wadogo zako wanabaki na nani? Dada wa Kayole anasema mamake naye leo amekubali kula, uji kikombe kizima, na watu wanamtumia ile mikono ya kupiga makofi mfululizo, kama vile amemaliza solo. Saa nne mtu anatuma kipande cha gitaa alichorekodi jikoni, na kwa nyuma unasikia sufuria, halafu babake akiuliza nani amemaliza sukari. Tunacheka. Tunakisikiliza mara tatu. Ni kitamu.

Sasa admini anasema katika jioni kama hiyo roki ni dakika kumi na uchafu ni saa tatu. Mimi nasema jioni yote ni roki, na nitaeleza, maana najua mtu akisikia hivyo anadhani ni huruma tu ndiyo inaongea.

Shoo ya roki Nairobi ni jambo la nyumbani kabla haijawa jambo la muziki. Anza na mahali. Sisi hatuna ukumbi wetu. Kuna bustani ya Alliance Française siku ikipatikana. Kuna baa hapa na pale ambayo mwenyewe anakuachia usiku ambao hana wateja, na ukirudi mwaka unaofuata unakuta amegeuza, sasa ni mugithi. Redio ilikuwepo, X FM, wengi wetu tulijifunzia huko, kisha ikafungwa. Kilichobaki ni majumba ya watu. Mazoezi yanafanywa kwenye gereji ya baba ya mtu, kwenye chumba cha wageni cha shangazi ya mtu, kwenye kibanda ambacho mathe wa mtu alikuwa akiuza mitumba kabla biashara haijakataa. Kila bendi ninayoijua ina mzazi mmoja aliyeamua kuvumilia kelele. Mzazi huyo akiugua, akihamia ushago, au akiokoka upya, bendi imekufa. Kwa hivyo mpiga besi akiandika kwamba buda wake amerudi nyumbani kwa sababu kazi imeisha, hiyo si habari ya familia iliyopotea njia. Ni taarifa kwamba hakuna mazoezi mpaka tutangaziwe, kwa sababu mzee aliyefutwa kazi hataki kusikia dramu saa tisa mchana, na mimi simlaumu.

Kisha kuna njia. Shoo inaisha saa sita usiku. Mwenye gari anaelekea Kilimani, dakika kumi, amelala. Wa Githurai anashuka mjini kutafuta matatu ambayo kondakta wake ameshapandisha nauli, kisha achukue boda, kisha afike kwenye ploti ambayo geti lake hufungwa saa tano, na mlinzi anataka mia ndiyo afungue. Huyo ni yule anayejilipia keja. Anayekaa kwa wazazi ana shida zaidi, ufunguo uko ndani na mlango wa kati una kitasa kinacholia. Kuna watu kwenye kundi letu wanaojua baba za wenzao hulala saa ngapi na huamka mara ngapi kwenda chooni. Usicheke. Ndiyo maana mtu alifika nyumbani.

Mwaka juzi wasichana wanne walilala kwenye sebule moja kule Umoja baada ya shoo, kwa sababu mmoja wetu alimwomba shosho yake mapema, na shosho akakubali kwa sharti kwamba waende kanisani naye asubuhi. Walienda, na nguo zao nyeusi na macho mekundu. Mpango wote ulisukwa kwenye kundi, katikati ya mabishano kuhusu Last Year's Tragedy na picha ya githeri iliyoungua. Ukiondoa githeri, ukamwondoa shosho, wale wanne hawangekuwa kwenye ile shoo. Na shoo zetu hujaa watu wangapi? Ukiondoa wanne unaona pengo jukwaani kabisa.

Halafu kuna lile swali ambalo wavulana hawaulizwi: mtoto anabaki na nani? Kuna mama wa miaka ishirini na minne kwenye kundi ambaye anaijua roki kuliko admini, na hajaona shoo mwaka mzima. Si kwamba ameacha muziki. Jirani aliyekuwa akimshikia mtoto alihama. Alipoandika hivyo, aliambiwa nje ya mada.

Nikitaka kuwa mkali zaidi ningesema sheria ya "roki tu" iliandikwa na watu ambao hawaombi mtu ruhusa. Na nataka kuwa mkali zaidi. Angalia walioiandika. Wote wanaume, wote wanaishi peke yao, wote wana njia ya kurudi nyumbani ambayo haimtegemei mtu. Kwao nyumbani ni mahali pa kuchaji simu. Wanaweza kuutenga muziki na maisha kwa sababu kuna mtu mwingine, mahali, anayebeba hayo maisha. Dadake mmoja wa maadmini ndiye anayekaa na baba yao huko Murang'a. Hilo tunalijua kwa sababu alitwambia mwenyewe, kabla ya sheria.

Tangu sheria ianze watu wameondoka polepole, bila kelele. Unakuja kugundua tu kwamba fulani hayumo tena. Wengi ni wanawake, na wengine ni wale wavulana wanaokaa na mzazi mgonjwa. Dada wa Kayole alikuwa akiimba, sauti ambayo ukiisikia mara ya kwanza unatafuta ni nani anayeitoa kwa sababu yeye ni mdogo hivi. Alionywa mara ya kwanza alipouliza kama kuna mtu anajua mahali pa kukodisha kiti cha magurudumu kwa bei ya chini. Hakungoja onyo la pili. Hajaimba tena. Admini ataniambia hajaimba kwa sababu mamake anaumwa, si kwa sababu ya sheria. Ndiyo, mamake anaumwa. Aliumwa mwaka mzima uliopita pia, na mwaka mzima uliopita aliimba mara tano, kwa sababu kila mara kulikuwa na mtu wa kundi aliyeenda kukaa na mama jioni hiyo. Mimi nilienda mara mbili. Tuliangalia taarifa ya habari, akanifundisha kukunja chapati isipasuke.

Wanasema tunaharibu roki kwa kuileta jikoni. Basi twende Birmingham.

Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikuwa na miaka 17 akifanya kazi kwenye kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini alikuja nyumbani kula chakula cha mchana akamwambia mamake harudi tena. Mamake akamwambia rudi, umalize siku yako sawasawa. Alirudi, na mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye ni wa kushoto, kwa hivyo huo ndio mkono wake wa kubonyeza nyuzi. Alichofanya ni kuchukua chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akaiyeyusha, akajitengenezea vifuniko vya vidole. Baadaye akawa analegeza nyuzi zisimuumize, na sauti ikashuka, ikawa nzito. Huo uzito ambao admini anautetea dhidi ya jikoni ulipitia kwenye chupa ya sabuni ya vyombo na neno la mathe kuhusu kumaliza kazi. Na mwenzake Ozzy Osbourne, mtoto wa nyumba ndogo ya Aston yenye watoto sita, aliingia kwenye bendi akiwa na kitu kimoja cha thamani, vipaza sauti, ambavyo baba yake alikopa pesa kumnunulia. Mzee mfanyakazi wa kiwanda, alikopa.

Tarehe 5 Julai 2025 wengi wetu tulitazama shoo yao ya mwisho pale Villa Park, kila mtu kwa simu yake, wengine kwa bando la kuazima. Ozzy aliimba akiwa ameketi kwenye kiti chake kikubwa cheusi, kwa sababu hakuweza kusimama. Alikuwa ametangaza ana Parkinson tangu Januari 2020. Tarehe 22 Julai akafa. Wiki hiyo kundi letu lilikuwa hai kuliko wakati wowote nimeliona, na watu waliandika nini? Kidogo sana kuhusu nyimbo. Waliandika kuhusu mikono. Mmoja wa Kikuyu alisema guka yake hutetemeka vile vile akishika kikombe na nyumbani wanasema ni uzee. Mwingine, ambaye ni nesi, akamuuliza maswali matano, akamwambia mpelekeni hospitali aonekane. Wakampeleka. Sasa nauliza: hapo tulikuwa ndani ya mada au nje? Mstari unapita wapi? Mtetemeko wa Ozzy ni roki na wa guka ni uchafu?

Na kama Birmingham ni mbali, filamu ya Jeremy Xido ya 2012, Death Metal Angola, iko Huambo, mji uliopondwapondwa na vita. Mle ndani kuna Sonia Ferreira anayelea kituo cha watoto yatima, Okutiuka, pamoja na mpenzi wake Wilker Flores, mpiga gitaa, na wawili hao wanaandaa tamasha la roki. Maji, chakula cha watoto, umeme, jukwaa, nyaya: yote yanaongewa kwa pumzi moja, na watu wale wale. Hakuna aliyesimama akasema tutenge kikao cha watoto na kikao cha gitaa.

Au baki hapa hapa. Martin Khanja, yaani Lord Spikeheart, aliyekuwa nusu ya Duma, bendi ambayo albamu yake ya 2020 ilitoka kwa Nyege Nyege Tapes ya Kampala, alitoa The Adept mwaka wa 2024 akiitoa kwa heshima ya Field Marshal Muthoni wa Kirima, mwanamke wa msitu wa Mau Mau, ambaye ni mzee wa ukoo wake. Huyo mama alifuga rasta zake tangu vita mpaka 2022. Hakuna mtikisa kichwa wa Nairobi atakayemkaribia. Muziki mkali zaidi uliowahi kutoka nchi hii, na ndani yake kuna stori ya shosho. Angeileta kwenye kundi letu angeonywa mara moja. Crystal Axis nao wana wimbo unaoitwa Nyayo House. Mtu akiusikiliza kisha aandike kwamba mjomba wake alipitia kule chini na hajawahi kuliongea mezani, je, tumwonyeshe lile bandiko lenye nyota?

Nimesema wazazi wanavumilia. Si wote, na sababu zao zina historia pia. Mwaka wa 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Tume ya serikali kabisa. Wazazi wetu walikuwa vijana wakati huo, wakisikia magazetini na madhabahuni kwamba shetani ana matawi. Miaka thelathini baadaye mtoto anaingia nyumbani na fulana nyeusi yenye fuvu, na mathe anauliza ni nani amekufa, au anauliza jambo baya zaidi. Mtoto huyo anahitaji kuongea na mtu aliyepita njia hiyo. Anahitaji kuambiwa kwamba mwambie mathe wapiga dramu wetu wengi walifunzwa kanisani, mpeleke aone, mwekee ile rekodi taratibu, usianze na ile yenye mayowe. Haya ni maarifa. Yamekusanywa kwa miaka na watu waliofungiwa nje ya nyumba zao. Huwezi kuyapata kwenye tovuti ya bei za gitaa.

Najua wanachosema, kwa sababu wamenijibu.

Wanasema matangazo ya shoo yanapotea chini ya meseji mia tatu za kuku. Hiyo ni kweli. Bandikeni tangazo la shoo pale juu basi, mahali mlipoweka sheria. Simu inaruhusu.

Wanasema mambo ya nyumba za watu yanapigwa skrinshoti na kuzagaa. Hilo ni zito, lilitokea, na aliyeumia aliumia kweli. Lakini angalieni mlivyolitatua. Aliyevujisha bado yumo. Anayeadhibiwa ni anayeongea. Kama mnataka sheria, andikeni kwamba anayetoa maneno ya mwenzake nje anaondoka siku hiyo hiyo, na nitakuwa wa kwanza kuitetea.

Wanasema tuunde kundi lingine la hizo stori. Liliundwa. Liliitwa Stori Zingine, na lilikufa wiki ya pili. Hapa ndipo watu wa mada hawaelewi binadamu. Hakuna kijana wa Nairobi, hasa wa kiume, atakayejiunga na kundi ili aseme kwamba nyumbani kumeharibika. Hawezi. Atajiunga na la roki. Atakaa humo miezi minane akituma picha za gitaa. Kisha siku moja ataandika kwamba nyuzi zimepanda bei, na dakika mbili baadaye aongeze kwamba hata hivyo hana haja nazo, gitaa ameuza, buda amelazwa. Ile sentensi ya pili haiwezi kuja bila ya kwanza. Inapitia mlango wa pembeni. Ukifunga huo mlango haendi kutafuta mwingine, anarudi tu kukaa kimya.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa. Watu wa kwanza kujua walikuwa mle, usiku, tukibishana kama Parking Lot Grass watawahi kurudi jukwaani wakiwa vile walivyokuwa. Niliandika kwamba nina wakati mwingi wa kubishana sasa kwa sababu sina darasa kesho, wala kesho kutwa. Walinyamaza kidogo. Kisha dada wa Kayole akauliza kama buda wangu anajua. Hakujua. Nilikuwa nimemwandikia meseji mara sita nikafuta. Yeye ndiye aliyenisaidia kuandika ya saba, sentensi nne, bila kuomba msamaha na bila kulia. Buda alijibu: "Sawa. Njoo tuongee." Yule mhadhiri aliyenifundisha kuandika insha ya kujieleza hakuwahi kunipa sentensi nne kama zile.

Kuna upande mwingine unaofurahia sheria hii bila kuijua, na ni wale wanaotuambia kila Jumapili na kila asubuhi redioni tuweke simu chini tukae na familia. Marafiki wa simu si marafiki, wanasema. Familia ndiyo kila kitu. Siwajibu kwa kirefu. Nawaambia tu kwamba wakati wa kafyu, tangu 27 Machi 2020 mpaka 20 Oktoba 2021, tulikaa na familia kuliko kizazi chochote. Shoo zilikuwa zimezimwa zote. Kama kundi letu lingekuwa la roki tu lingefungwa mwezi wa pili kwa kukosa la kusema. Halikufungwa. Liliongea kuhusu unga, kuhusu ndugu watatu wanaogombania simu moja ya masomo, kuhusu baba anayezunguka nyumba kama simba wa kufungwa kwa sababu hana pa kwenda. Watu walijifunza kuishi na familia zao wakiongea na marafiki wa simu. Na kafyu ilipoondolewa, shoo ya kwanza ilijaa kwa sababu tulikuwa tumekaa pamoja wakati wote huo tukipiga stori za sufuria. Kuna mtu alinitambua kwenye foleni kwa sababu nilikohoa. Alikuwa amesikia kikohozi changu kwenye ujumbe wa sauti miezi kumi na tisa.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayodai, na si mengi. Toeni lile bandiko. Mwandikieni dada wa Kayole, mmoja wenu, kwa jina lake, si kwa tangazo. Shoo ijayo ianze saa nane mchana, iishe saa moja jioni, wa Githurai wapate matatu na wenye wazazi wafike kabla ya kitasa. Tuwe na mtu mmoja anayelipwa, hata kama ni mia tano kutoka kwa kiingilio, wa kushika watoto kwenye chumba cha nyuma ambako spika hazifiki. Najua atakayesema roki ya mchana si roki. Huyo alale mchana kisha atafute ya usiku na wenzake watatu.

Nimeyaandika haya kwenye kundi pia, kwa ufupi, juzi saa nne usiku. Maadmini wote wamesoma, tiki za buluu ziko pale, hakuna aliyejibu wala kunitoa. Aliyejibu ni mpiga dramu wa Rongai. Ameuliza kama kuna mtu anajua dawa ya viroboto wa kuku ambayo haitaua vifaranga, kwa sababu mathe anarudi Ijumaa.